Chablis, jalidi na jua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwaka ulioandikwa kwenye chupa

Ukurasa huu ni wa yeyote aliyewahi kushika orodha ya vinywaji hotelini, akaona mvinyo wa Chablis wa 2018 na Chablis ya 2021, akakuta bei zimepishana na asipate wa kumweleza sababu. Maswali ni yale ninayoulizwa zaidi na wahudumu, wauzaji na wanywaji wenyewe. Nimebaki na Chablis kwa makusudi. Pale zabibu ni ya aina moja tu, kwa hiyo mwaka ukigeuka, ladha nayo inageuka, na hata mtu asiye mtaalamu anaionja tofauti.

Chablis ni mahali, ni zabibu, au ni jina la kampuni?

Ni mahali. Ni mji mdogo na mashamba yanayouzunguka, kaskazini mwa Bourgogne nchini Ufaransa, kando ya mto Serein, kiasi cha kilomita 180 kusini-mashariki mwa Paris. Zabibu inayolimwa kwa ajili ya mvinyo huu ni Chardonnay peke yake, na mvinyo wake ni mweupe tu.

Udongo ni wa chokaa na mfinyanzi, na umejaa visukuku vya chaza wadogo walioishi katika bahari iliyofunika eneo hilo miaka milioni 150 hivi iliyopita. Ukiokota jiwe shambani unawaona kwa macho, wamejikunja kama alama ya mkato. Madaraja ni manne, kuanzia la chini: Petit Chablis, Chablis, Premier Cru na Grand Cru. Hilo la juu kabisa lina kiasi cha hekta 100 tu, zote kwenye mteremko mmoja unaotazama kusini-magharibi, ng'ambo ya mto ukiwa mjini. Kumbuka neno "mteremko", maana litarudi tena tukifika kwenye jalidi.

Mwaka kwenye lebo ni mwaka wa nini hasa?

Ni mwaka zabibu zilipovunwa. Chupa ya 2022 inaweza kuwa imejazwa 2023 au hata 2024, na ikafika dukani kwako baadaye zaidi.

Kwa nini mwaka una uzito mkubwa kule kuliko sehemu nyingine?

Kwa sababu Chablis iko karibu na mwisho wa eneo ambalo zabibu zinaweza kuiva. Ni karibu nyuzi 48 kaskazini mwa ikweta. Msimu wa kukua ni mfupi, tangu matumba yafunguke mwishoni mwa Machi au Aprili hadi mavuno ya Septemba, na ndani ya miezi hiyo kila wiki ina kazi yake. Wiki mbili za mvua katika nchi yenye joto la uhakika huenda zisionekane kwenye glasi. Chablis zinaonekana.

Wazalishaji wa Champagne, mvinyo wa mapovu, ambao baadhi yao wako karibu na Chablis kuliko ulivyo mji wa Beaune ulioko Bourgogne hiyo hiyo, wanaikabili shida hiyo hiyo kwa kuchanganya mvinyo wa miaka kadhaa, na ndiyo maana chupa nyingi za Champagne hazina mwaka. Chablis hawana desturi hiyo. Unachokunywa ni mwaka mmoja, na mema na mabaya yake yote yamo humo.

Mimi najua zabibu za Dodoma. Tofauti iko wapi?

Dodoma mzabibu haulali. Mkulima anaupogoa, unachipua, na kwa mwaka mmoja anaweza kuvuna mara mbili. Chablis mzabibu hulala kipindi chote cha baridi, ukabaki kijiti kikavu, kisha huvunwa mara moja tu. Mkulima akipoteza chipukizi za Aprili hana mavuno ya pili ya kumfidia. Anasubiri mwaka mwingine.

Jalidi ni nini, na kwa nini inatajwa kila mwaka?

Jalidi ni umande ulioganda. Watu wa Makete na Njombe wanaijua, na wa Kinangop pia: unaamka asubuhi shamba la viazi limepauka, na jua likishapanda majani yanakuwa meusi kama yamepitiwa na moto.

Mzabibu uliolala ni mgumu, na unaweza kuvumilia baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri bila kudhurika. Hatari inaanza pale tumba linapofunguka na vijani viwili vitatu vya kijani kutokeza. Hapo nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri zinatosha kuua, hasa tumba likiwa na unyevu. Na ndani ya tumba hilo dogo tayari kuna vichala vya mwaka huo, vidogo mno. Tumba likifa, ndiyo basi.

Kuna jalidi ya namna mbili. Ya kwanza huja usiku wa anga safi usio na upepo: ardhi inapoteza joto lake kwenda juu, hewa baridi ambayo ni nzito inateremka na kutuama mabondeni. Usiku wa namna hiyo, mashamba ya chini karibu na Serein huumia na yale ya juu ya mteremko yakapona. Ya pili ni mbaya zaidi. Ni baridi inayosukumwa na upepo kutoka kaskazini, nayo haichagui juu wala chini. Mwaka 2021, kuanzia usiku wa kuamkia 6 Aprili, Ufaransa ilipigwa kwa siku tatu mfululizo, na kule Bourgogne Chardonnay iliumia kuliko Pinot Noir, zabibu ya mvinyo mwekundu, kwa sababu yenyewe huchipua mapema.

Wafaransa wana watakatifu watatu wanaowaita watakatifu wa barafu, Mamert, Pancrace na Servais, ambao kumbukumbu zao ni tarehe 11, 12 na 13 Mei. Mkulima wa zamani hakulala kwa amani mpaka siku hizo zipite. Wa leo naye ni hivyo hivyo.

Wanajikingaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu watu wengi hudhani mvinyo mweupe ni mambo ya glasi na kitambaa cheupe tu. Hawajui kwamba kuna watu wamekesha matopeni usiku wa manane kwa ajili yake.

Fikiria usiku wa Aprili. Saa tisa usiku simu inalia: kipimajoto kilichofungwa shambani, kwenye usawa wa matumba, kimeshuka kukaribia sifuri. Familia nzima na majirani wanaingia mashambani na mienge ya gesi kuwasha ndoo za nta ya parafini zilizopangwa katikati ya mistari. Hekta moja inahitaji ndoo mia kadhaa. Zinawaka kwa mwanga wa rangi ya chungwa, moshi unatanda bondeni, na kinachotafutwa ni nyuzi moja au mbili za ziada, si zaidi. Sasa piga hesabu ya ndoo hizo kwa hekta tano, halafu kwa usiku tatu mfululizo. Utaelewa kwa nini wengi huanza na kulinda Premier Cru na Grand Cru, na mashamba ya kawaida yakaachwa kwa Mungu.

Njia nyingine huwashangaza watu zaidi: wananyunyizia mizabibu maji ili igande. Maji yanapogeuka barafu hutoa joto, kidogo lakini la kutosha, na tumba lililofunikwa na ganda la barafu inayoendelea kutengenezwa hubaki karibu na sifuri, mahali ambapo linaweza kustahimili. Asubuhi unaona mizabibu imevikwa kioo kitupu na ndani yake kijani kibichi kiko hai. Masharti ni kwamba maji yasikatike. Pampu ikizimika kabla jua halijayeyusha barafu, tumba linaganda kweli, na upepo ukilipiga huwa baridi kuliko lile ambalo halikumwagiwa kitu. Ndiyo maana kuna mtu anayekaa na pampu usiku kucha.

Wapo pia wanaotumia feni kubwa juu ya minara kuvuta hewa ya joto iliyo juu na kuishusha, na wengine wamepitisha nyaya za umeme zinazopasha joto kando ya matawi.

Kuna jambo moja dogo lililojulikana sana baada ya Aprili 2016. Mwaka ule kule Côte d'Or, eneo la Bourgogne lililo kusini zaidi ya Chablis, matumba yalikuwa na unyevu ulioganda, kisha asubuhi jua likatoka kali kwenye anga safi na kuyaunguza kupitia barafu. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Aprili, wakulima walichoma marobota ya majani makavu yaliyoloweshwa, kusudi moshi uzuie jua la alfajiri. Mabonde yalijaa ukungu mweupe wa moshi asubuhi nzima.

Kama dunia inapata joto, si jalidi ingepungua?

Ingekuwa hivyo kama mizabibu isingeamka mapema. Machi ikiwa na joto, matumba yanafunguka kabla ya wakati, halafu baridi ya Aprili, ambayo zamani ingeyakuta yamelala, inayakuta wazi. Mwaka 2021 mwishoni mwa Machi joto lilifika nyuzi 25 sehemu nyingi za Ufaransa, na wiki moja baadaye likashuka chini ya sifuri. Wanasayansi waliochunguza tukio lile walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa jalidi ya aina hiyo, inayokuta mimea imekwisha kuchipua, kwa takriban 60%.

Na kwamba joto limepanda hakuna ubishi, maana Bourgogne wana kumbukumbu ambazo sehemu chache duniani zinazo. Tarehe za kuanza mavuno mjini Beaune zimeweza kufuatiliwa tangu 1354. Kuanzia mwaka huo hadi 1987 wastani ulikuwa 28 Septemba. Kuanzia 1988 hadi 2018 mavuno yalianza siku 13 mapema kuliko hapo. Zaidi ya karne sita za makarani kuandika siku watu walipoingia shambani, na mabadiliko makubwa yametokea ndani ya umri wa mtu mmoja.

Mwaka wa jalidi ni mwaka wa mvinyo mbaya?

Hapana, na hili ndilo kosa la kawaida. Jalidi inapunguza wingi. Ubora unaamuliwa na yanayofuata. Chipukizi za pili zinazotoka baada ya zile za kwanza kufa huzaa kidogo na huchelewa, kwa hiyo mkulima anaweza kuwa na vichala vya umri tofauti kwenye mti mmoja, jambo linalosumbua wakati wa kuvuna. Lakini msimu ukiwa mwema, kilichobaki kinaweza kuwa kizuri sana. Mwaka 2017 Chablis ilipigwa na jalidi mwishoni mwa Aprili, na bado mvinyo wake ni kati ya ile ninayoipendekeza bila kusita: mkavu, safi, wenye uchachu unaosafisha kinywa.

Kipindi cha maua nacho kina maana?

Kina maana kubwa, ingawa hakiongelewi. Maua hutoka mwishoni mwa Mei au Juni. Yakikutana na baridi na mvua, mengine hupukutika bila kushika, na mengine hushika vibaya, yakatoa punje ndogondogo zisizo na mbegu. Mavuno yanapungua, lakini punje ndogo zina juisi iliyokolea. 2010 ulikuwa mwaka wa namna hiyo, na wapenzi wengi wa Chablis wanauweka kati ya miaka bora ya karne hii.

Na mvua ya mawe?

Mvua ya mawe ni dhuluma tupu, kwa sababu inachagua. Inapita kwenye ukanda mwembamba, inaacha shamba la jirani likiwa salama na lako limebaki vijiti.

Wakati inaponyesha ni muhimu sawa na ukubwa wa mawe yenyewe. Tarehe 1 Mei 2024 ilipiga mashamba ya Chablis wakati machipukizi bado laini, ikayakata. Mwaka 2015 ilikuja usiku wa kuamkia 1 Septemba, zabibu zikiwa karibu kuvunwa. Punje iliyopasuka wakati huo inaanza kuoza ndani ya siku chache, kwa hiyo walioguswa ilibidi wakimbilie kuvuna, wawe walikuwa tayari au la. Ukikuta Chablis ya 2015 ina uchangamfu zaidi kuliko ulivyotarajia kwa mwaka wa joto, huenda shamba hilo lilivunwa katika haraka ile.

Kinga zipo, ila chache: nyavu zinazofungwa kandokando ya mistari, na mitambo ya ardhini inayopeleka kemikali ya iodidi ya fedha mawinguni ili mawe yawe madogo.

Mvua ya kawaida ina ubaya gani? Si mimea inahitaji maji?

Inahitaji, na udongo ule wa mfinyanzi na chokaa huyatunza vizuri. Ubaya ni ukungu. Mvua ikifuatana na joto kuanzia Mei, ubwiri vinyoya unaingia: madoa ya mafuta juu ya jani, manyoya meupe chini yake, kisha vichala vinakauka vikawa vya kahawia. Dawa lazima ipulizwe mapema, na mvua inayofuata inaiosha. Wanaolima kwa kilimo hai hutegemea zaidi shaba na salfa, ambazo hazipenyi ndani ya jani, kwa hiyo kila mvua kubwa ina maana ya kurudi shambani. Na trekta haliingii kwenye tope la mteremko. Miaka ya 2016, 2021 na 2024 ilikuwa migumu kwa sababu hiyo: walionusurika na jalidi au mawe wakakutana na ukungu.

Mvua ya Septemba ina tabia nyingine. Punje hunywa maji, hubanana, ngozi hupasuka, na kuoza kwa kijivu kunaanza katikati ya kichala ambako huoni kwa nje. 2013 ilikuwa na shida hiyo.

Basi mwaka wa jua kali ndio bora?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi, na nitajibu kwa kirefu.

Zabibu inapoiva, mambo mawili yanakwenda kinyume: sukari inapanda, uchachu unashuka. Sukari ndiyo itakayokuwa kilevi, takriban gramu 17 kwa lita kwa kila asilimia moja. Uchachu ndio unaoupa mvinyo mweupe uhai, kama ndimu kwenye samaki. Kati ya asidi za zabibu, ile ya maliki huteketea haraka kukiwa na joto, na usiku wa joto hauiachi ipumzike. Kwa hiyo mwaka wa jua mfululizo unaweza kukupa zabibu tamu, nono, za harufu ya pichi na nanasi, ambazo mvinyo wake ni mtamu kuunusa ila unatulia mdomoni kama maji ya vuguvugu.

2003 ndio mfano wa wazi. Wimbi la joto la Agosti lilikausha Ulaya, mavuno yakaanza mwezi huo huo. Chablis nyingi za mwaka ule zilikuwa nzito, hazikufanana na kwao. Mtu aliyezinywa kwanza akidhani hivyo ndivyo Chablis ilivyo alipotoshwa.

Lakini joto peke yake halitoshi kuhukumu. 2018 ulikuwa wa joto na mavuno tele, na mvinyo wake ni laini, wa kunywewa mapema. 2019 ulikuwa na joto na ukame, punje nyingine zikaunguzwa na jua, mavuno yakapungua, mvinyo ukakolea. 2020 nao ulikuwa wa joto na wa mapema, mavuno yakianza mwishoni mwa Agosti, na bado uchachu ulibaki juu kwa namna iliyowashangaza wenyewe. 2022 pia ulikuwa mkavu, ila ulitoa kiasi kizuri. Ndiyo maana nawaambia wahudumu wasimwambie mgeni "ulikuwa mwaka wa joto" wakanyamaza. Joto la lini? Usiku ulikuwaje? Walivuna siku gani?

Kwa mapenzi yangu binafsi, mwaka wa Chablis ni ule uliokaribia kuwa baridi, ukaokolewa mwishoni. 2014 ulikuwa hivyo: Julai na Agosti za baridi na mawingu, watu wameanza kukata tamaa, kisha Septemba ikaja na jua kavu. Mvinyo wake una makali, chumvichumvi na urefu, na ulikuwa bado unapanda miaka kumi baadaye.

Siku ya kuvuna inaamuliwaje?

Hesabu ya wazee ni siku 100 tangu maua hadi mavuno, ingawa miaka ya joto zimekuwa zikipungua. Wiki za mwisho mkulima anapita mistari na mfuko, anachuma punje huku na huku, za kivulini na za juani, anazikamua na kupima sukari na asidi. Kisha anatafuna. Anatazama kama mbegu imetoka kijani kuwa ya kahawia, na kama ngozi bado ina ukakasi. Kwenye mwaka wa joto siku tatu za kuchelewa zinaweza kugharimu uchachu wote uliokuwa umebaki.

Upepo wa kaskazini ukivuma Septemba ni heri kubwa. Unakausha vichala, unazuia kuoza, na unakoleza juisi bila kuiondolea uchachu. 1996 na 2008 zinakumbukwa kwa upepo huo.

Sehemu kubwa ya Chablis huvunwa kwa mashine. Wengi hulidharau jambo hili, lakini mashine inaweza kumaliza shamba asubuhi moja kabla mvua haijafika. Grand Cru nyingi bado huvunwa kwa mikono.

Nimeona neno "climat" kwenye maelezo. Ni hali ya hewa?

Hapana. Kule Bourgogne climat ni kipande cha shamba chenye jina, mipaka na tabia yake, kama Les Clos au Valmur. Ni neno linaloponza wengi wanaotafsiri.

Mtengenezaji hawezi kurekebisha kasoro za mwaka?

Kwa kiasi. Mwaka wa baridi sheria inamruhusu kuongeza sukari kidogo kabla ya kuchacha ili kilevi kifike. Miaka ya joto kali anaweza kuruhusiwa kuongeza asidi. Anaweza pia kuamua kuhusu bakteria wanaoigeuza asidi ya maliki kuwa ya laktiki iliyo laini: wengi Chablis huwaacha wafanye kazi yote, na mwaka wa joto wapo wanaowazuia ili kulinda makali. Lakini hakuna tangi linalorudisha zabibu zilizooza, wala harufu ambayo jua limeichoma.

Je, mwaka mzuri Chablis ni mzuri Bourgogne yote?

Usidhani hivyo. Kati ya Chablis na Meursault, kijiji cha mvinyo mweupe karibu na Beaune, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Juni 2014 mvua ya mawe iliharibu mashamba ya Côte de Beaune, yaani miteremko ya upande huo, wakati Chablis walikuwa na mambo yao mengine. Jedwali linalotoa alama moja kwa "Bourgogne nyeupe" linaficha mengi kuliko linavyoonyesha.

Kwa nini mwaka mbaya huwa ghali?

Kwa sababu chupa ni chache. Baada ya 2021 bei zilipanda sehemu zote za Bourgogne, na dalili ya kwanza ilionekana kwenye mnada wa mvinyo wa Hospices de Beaune, hospitali ya kale ya mji huo, unaofanyika kila Jumapili ya tatu ya Novemba na ambao ulianza 1859. Mnywaji analipa zaidi kwa mwaka mgumu, na mkulima bado anakuwa amepata hasara. Wote wawili wanaumia.

Nikae na chupa muda gani?

Petit Chablis ndani ya miaka miwili hivi. Chablis ya kawaida miwili hadi mitano. Premier Cru mitano hadi kumi, Grand Cru kumi na kuendelea. Miaka yenye uchachu mkubwa kama 2010, 2014 na 2017 huvumilia zaidi, 2018 usiicheleweshe.

Tahadhari moja. Mvinyo mweupe wa Bourgogne wa 1996 ulitabiriwa kuishi miongo, kisha chupa nyingi zikaonekana zimechakaa mapema, rangi ya dhahabu iliyokolea na harufu ya tufaha lililokatwa likaachwa. Tatizo hilo lilionekana pia katika miaka iliyofuata, na vizibo pamoja na namna ya kukamua vimetajwa kuwa sababu. Uchachu wa msimu peke yake haukuweza kuziokoa.

Niko Dar es Salaam au Mombasa. Nichague mwaka gani, na niangalie nini?

Angalia kwanza chupa imekaa wapi. Msimu mzima wa Serein unaweza kuharibiwa na miezi miwili kwenye rafu iliyo karibu na dirisha, joto likiwa nyuzi 30 na zaidi. Inamisha chupa kidogo: kizibo kikiwa kimesukumwa juu kikainua kifuniko, au kuna utando wa kunata shingoni, imepata joto, irudishe. Rangi nayo itazame kwenye mwanga, na kama ya miaka mitatu imekwisha kuwa ya dhahabu nzito, iache. Duka lenye kiyoyozi kinachozimwa usiku nalo halisaidii sana, kwa hiyo uliza shehena ilifika lini na uchukue iliyofika karibuni.

Kwa pweza wa kuchoma, kamba au chaza wenye ndimu, chukua 2017 ukiipata katika hali nzuri, au 2020. 2021 ni nyepesi na kali kidogo, na kwa chaza wabichi inakaa vizuri kuliko sifa zake. Kwa samaki wa kupaka mwenye tui zito, 2018 au 2022, ambazo zina mwili wa kuhimili nazi. Itoe kwenye friji dakika kumi kabla ya kumimina, maana ikiwa baridi sana, utaisikia barafu tu.